Televisheni Iliyotoka Busi

Sebuleni kwetu Kizota, Dodoma, kulikuwa na televisheni mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ilikuwa bapa, nyembamba kama chapati ya hotelini, nayo ilionyesha picha. Ya chini ilikuwa ya chogo, ile yenye kisogo kikubwa nyuma, na haikuwa imeonyesha kitu chochote tangu kabla mwanangu hajazaliwa. Kazi yake ilikuwa kuibeba ya juu.

Asitucheke mtu. Ingia nyumba yoyote ya mtaa wetu utakuta mpangilio ni huohuo: iliyozima inaibeba inayowaka, na katikati yao kimetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kimepigwa wanga mpaka kinasimama chenyewe, ili iliyozima isione aibu. Jirani yetu wa kushoto ana friji lililokufa zamani, na sasa linatunza nguo za watoto. Ukienda kuomba barafu unapewa soksi.

Ila ya kwetu ilizidi zote kwa ukubwa. Ilikuwa na uzito wa ng'ombe mwenye mimba. Siku tulipoiingiza ndani sakafu ilishuka kidogo upande wa magharibi, na hata leo ukimwaga maji pale sebuleni hayana haja ya kuulizana njia.

Ilikuwa ya Mama. Alipohama kijijini Busi kuja kukaa nasi, baada ya baba kufariki, alikuja na vitu viwili, sanduku la nguo na televisheni. Sanduku lilipanda juu ya basi pale Kondoa. Televisheni aliikatia kiti. Yeye alikaa dirishani, nayo ikakaa upande wa njia imefungwa kanga, na wasafiri waliokuwa wakipita waliiamkia kwa sababu walidhani ni mgonjwa.

Mke wangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule. Cherehani yake ilikuwa kwenye korido kwa kukosa pa kuiweka, na wateja waliokuja kupimwa walikuwa wanairuka mguu mmoja mmoja. Kila alipopita sebuleni aliitazama ile kona ya televisheni kama mtu anayekagua kiwanja cha urithi. Hakuiomba. Mke wangu ana adabu. Lakini nilikuwa namwona akiipima kwa macho, upana, kisha urefu, kisha anashusha pumzi na kurudi koridoni.

Baba aliinunua Kondoa mjini, mwaka alizeti ilipokubali, kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akimwambia kila mteja kwamba bidhaa zake zitatumiwa na wajukuu. Kwetu alisema kweli, maana mjukuu aliitumia kama ngazi. Umeme ulikuwa haujafika Busi, kwa hiyo baba alinunua na jenereta dogo lililokuwa na kelele kuliko mashine ya kusaga. Wakati wa mpira, mtangazaji alipiga kelele, jenereta likapiga kelele, na watu wakapiga kelele ili wasikizane. Nadhani hata Babati walijua matokeo.

Uwanja wetu ulijaa. Watu walitoka mashambani na majembe yao. Baba alisimama pembeni ameshika mlingoti wa antena, maana akiuachia picha inakuwa mchanga, na kazi yake nyingine ilikuwa kusema sentensi moja: "Wa mbele kaeni chini, wa nyuma hawaoni." Aliisema mara nyingi kuliko alivyolitaja jina langu. Jina langu alilitaja zaidi kuhusu karanga. Nyuma ya televisheni tulikuwa tunaweka magunia ya karanga za mbegu, na karanga zilikuwa zinapungua, na katika nyumba nzima mwenye mdomo unaotafuna muda wote nilikuwa mimi. Nilichapwa kwa karanga zile kwa misimu kadhaa. Nilikana. Nilikuwa mtoto anayesema sana, na mtoto anayesema sana akikana, watu wanasubiri amalize.

Sasa, ilikuwaje televisheni hiyo ikaingia kwenye mambo ya serikali?

Mkutano wa mtaa uliitishwa, na ofisa mazingira wa jiji akaja. Alikuwa binti mdogo mwenye raba nyeupe miguuni, mpole, aliyewaamkia wazee wote wa safu ya mbele mmoja mmoja hadi mkutano ukachelewa. Alieleza kwamba serikali inataka vifaa vya umeme vilivyokufa vitoke makabatini na majalalani. Kinachotengenezeka kitengenezwe kitumike tena, na kisichotengenezeka kipelekwe kwa wenye kibali cha kukifungua na kurejeleza vilivyomo. Alisema televisheni za chogo zina madini ya risasi kwenye kioo, na kioo hicho kikivunjika kinadhuru, hasa watoto. Jumamosi lori lingekuja kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa.

Mwenyekiti wa mtaa akatafuta mtu wa kupita na kipaza sauti kuhamasisha. Alitaka mtu atakayeweza kulitamka neno urejelezaji bila kujiuma. Macho yote yakanigeukia. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, ndevu zikiwa zimeshakaa sawasawa, darasa moja na mtoto wa dada yangu, na jambo hilo sikulifanya siri. Cheti changu kiko kwenye fremu, ukutani, juu ya televisheni zote mbili. Pale mtaani wananiita Msomi, na wachache wana nia njema.

Nikapewa kipaza sauti. Sitasema nilizaliwa nacho, lakini tulifahamiana haraka. Nilipita karakana za kuchomelea, nikapita kwa wauza mbao, nikapita nyuma ya misikiti na mbele ya makanisa. Binti wa mazingira alikuwa amesema madini ya risasi yanadhuru watoto. Niliongeza kidogo tu. Nilisema sumu iliyoko ndani ya televisheni moja ya chogo inaweza kutoka Kizota, ikapita Bahi bila kusimama, ikafika Manyoni ingali na nguvu. Watu walinisikiliza vizuri. Kuna mzee alitoa televisheni yake nje akailaza kwenye jua, ili ipungue.

Siku ya tatu mama muuza maandazi wa pale kona akanisimamisha mbele za watu.

"Msomi," akasema, huku anageuza maandazi, "na ile ya kwenu inayombeba mwenzake, yenyewe imesamehewa?"

Wateja walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Mwenyekiti naye akapata habari, akaniita pembeni kuniambia kwamba mhamasishaji hatangulii mdomo peke yake. Jumamosi wageni wa jiji watakuwepo. Kama televisheni kubwa kuliko zote mtaani itabaki nyumbani kwa mwenye kipaza sauti, basi tuache.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele, ubavuni kwa televisheni yake, mahali anapokaa siku zote.

"Mama, Jumamosi lori linakuja."

"Lije salama."

"Tumeombwa tutoe vifaa vilivyokufa."

"Haijafa hii. Imezima."

Nikamwambia imezima miaka mingi. Akasema baba yangu naye alikuwa akinuna anazima hivyohivyo, na hakuna aliyemwitia lori. Nikamweleza habari ya sumu, tena ile fupi, isiyofika Manyoni. Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nikajaribu upande wa uzalendo, nikasema serikali imeomba. Hapo akauweka ungo chini.

"Nisikilize, baba. Kitanda ninacholalia mlininunulia nyinyi. Vyombo ni vya mkeo. Kiti hiki nilikikuta. Humu ndani kilicho changu ni hicho hapo. Kikitoka, mimi nitakuwa mgeni aliyekaa sana."

Koridoni cherehani ilikuwa inalia, ikanyamaza. Mama akachukua ungo wake. Baada ya muda cherehani ikaanza tena, polepole. Tangu jioni hiyo sikumwona tena mke wangu akiipima ile kona.

Jumamosi nilikwenda uwanjani mikono mitupu, kipaza sauti begani, nimejiandaa kusemwa.

Watu walijitokeza kuliko siku ya chanjo. Na walikuwa wameviosha vitu vyao. Hilo ofisa hakulitegemea. Kwetu huwezi kupeleka kitu kwa wakubwa kikiwa kichafu, hata kama kinakwenda kuvunjwa. Pasi zilikuwa zimesuguliwa kwa majivu. Simu za batani zilikuja kwenye sahani, zimefunikwa kawa. Redio kaseti moja ilikuwa imepakwa mafuta ya nazi, inang'aa kama bwana harusi. Vyote vikapangwa kwenye turubai, chini ya bango lililoandikwa TUTUMIE TENA, TUREJELEZE, na lori likawa linasubiri na mdomo wazi.

Tatizo lilikuwa bakuli. Nifafanue. Kwetu jirani akikuletea uji kwenye bakuli, bakuli halirudi kwake tupu. Utatia mahindi, utatia nyanya, ukikosa kabisa utatia chumvi. Tumelelewa hivyo, Waislamu kwa Wakristo, wa Kondoa kwa wa Bahi. Sasa mtu ametoka kwake na pasi, ameisugua, ameikabidhi kwa heshima mbele za watu, halafu ageuke aondoke hana kitu mkononi? Miguu ilikuwa inakataa. Watu walikabidhi, wakasogea hatua mbili, wakasimama. Na walikuwa wamesimama mbele ya turubai lililojaa vitu vizuri, vimeoshwa.

Aliyeanza ni mzee mmoja mstaafu, mtu wa heshima. Alikuwa ameleta birika la umeme. Akaiinua feni, akaizungusha kwa kidole.

"Hii feni ya nani?"

"Sasa ni ya serikali, mzee," nikamjibu.

"Na mimi ni raia wa wapi?"

Akaondoka nayo. Baada ya hapo hakukuwa na kizuizi. Mama mmoja aliyeleta pasi aliondoka na blenda, na aliyeleta blenda akaondoka na ile pasi, wakapishana getini wakaamkiana vizuri. Yule bwana harusi wa mafuta ya nazi aliondoka mapema sana, tena na watu wawili wanamgombea. Kilichobaki ni ving'amuzi na rimoti, kwa sababu ving'amuzi vilivyokufa kila mtu anavyo vyake. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amelihifadhi jiko moja la umeme chini ya meza kuu, akasema ni kwa ajili ya usalama.

Ofisa alikuwa amesimama ubavuni kwa lori, raba zake zimeshakuwa za rangi ya Dodoma. Akaniita. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba lori hili limetoka mjini kuja kuchukua, halikuja kugawa. Nikamwonyesha bango. Nikamwambia tutumie tena imetangulia, na sisi mtaa wetu tunafuata mpangilio, hatujafika tu kwenye neno la pili. Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anajiuliza cheti changu kilitolewa na nani.

Ndipo guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, likaingia getini. Mwenye guta alikuwa amesimama juu ya pedali kwa uzito, shingo imemtoka mishipa. Nyuma kulikuwa na kitu kikubwa kimefungwa kanga. Upande mmoja alitembea Mama, amevaa baibui lake la safari. Upande wa pili alitembea mke wangu, ameushika mzigo kwa mikono miwili usije ukayumba.

Mama muuza maandazi akaacha karai lake.

Mimi nikajua amekuja kuitoa, nikaanza kuwasha kipaza sauti. Mke wangu akanikazia macho, nikakizima.

"Shikamoo bibi," ofisa akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeileta ipimwe."

"Ipimwe, bibi?"

"Huyu mtoto wangu anapita anatangaza ina sumu ya kufika Manyoni. Namjua. Akisema kumi, mimi nashika moja. Sasa hiyo moja naitaka kwako."

Watu wakacheka, lakini ofisa hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Akachuchumaa mpaka kichwa chake kikawa chini ya cha Mama, akamweleza kwamba ikiwa nzima haimdhuru mtu. Hatari ni kioo kuvunjika, au mtu kuifungua bila kujua. Kisha akauliza kama nyumbani kuna mtoto.

"Yupo mjukuu," Mama akasema. "Anaipanda kufuata rimoti."

Akaigusa televisheni ubavuni. Kisha akaanza kuifungua kanga, fundo la kwanza, fundo la pili, taratibu kama anamvua nguo mtoto aliyesinzia. Ilikuwa imepanguswa, na kile kitambaa cha kufuma kilikuwa juu yake.

"Hiyo sumu iko ndani au nje?"

"Ndani, bibi. Kwenye kioo na vile vya nyuma."

"Basi chukueni vya ndani. Ganda ni langu."

Ofisa akasema, kwa upole, kwamba utaratibu ni kuchukua kitu kizima. Mama akageuka akautazama uwanja. Akamtazama mzee na feni yake, akawatazama wale wa redio waliokuwa bado wanavutana, akatazama chini ya meza kuu, na mwenyekiti akasogeza mguu kuficha jiko.

"Tangu nimeingia naona kila mtu anaondoka na kitu. Mimi niliyeleta cha maana ndiye bakuli langu lirudi tupu?"

Ofisa akaligeukia lori lake. Ndani mlikuwa na ving'amuzi na rimoti, havikufunika hata sakafu. Akaitazama televisheni. Akamwita fundi aliyekuja naye, wa hukohuko kwenye karakana za Kizota, akamwambia aifungue.

Fundi akavaa glavu, akatusogeza nyuma, akagusisha waya mahali fulani kumaliza umeme uliobaki, kisha akalegeza skrubu. Chogo lilipoachia, yakamwagika maganda ya karanga. Hayakuwa machache. Yalijaa miguuni kwa fundi, yakaendelea, yakafika kwenye raba za ofisa. Katikati yake mlikuwa na kiota cha panya kilichokauka, kimetengenezwa kwa nyuzi za magunia yetu.

Mama aliinama akaokota ganda moja, akalivunja kwa kidole gumba. Alilijua. Mtu aliyechambua karanga miaka yote ile hawezi kulisahau ganda la shamba lake. Kisha akaniangalia, mbele ya mtaa mzima.

"Kumbe hukuwa wewe."

"Nilisema, Mama."

"Ulisema mengi."

Kioo kikapakiwa kwenye lori, kikafuatwa na vya nyuma vyote, na tairi zikashuka. Mwenyekiti akapiga makofi, akasahau akasogeza mguu, jiko likaonekana, ikabidi alikabidhi. Ganda jeusi likarudi kwenye guta. Wakati huu mwenye guta aliendesha amekaa.

Niseme ukweli, sikujua lile ganda litafanya nini. Nyumbani Mama aliliweka kibarazani, akalitandika kitambaa chake juu, akakaa ubavuni kwake kama kawaida. Ndani ile kona ilikuwa wazi, na cherehani ilibaki koridoni. Mke wangu hakuigusa. Kesho yake alikwenda sokoni, akarudi amembeba kuku mwekundu kwapani na nyasi kavu kwenye mfuko.

"Mama," akasema, "huyu ni wako. Nimeona ana pa kukaa."

Mama alimpokea, akampima uzito kwa mikono, akamwangalia macho na miguu kama anavyoangalia wachumba wa wajukuu. Akatandika nyasi ndani ya ganda. Kuku akaingia, akazunguka mara moja, akalala akitutazama kupitia pale palipokuwa na kioo. Halafu Mama akasema, bila kugeuka, "Hiyo cherehani iingizeni ndani, wateja watavunjika miguu."

Kwa hiyo mambo yalikaa hivyo. Televisheni bapa tuliipachika ukutani, cherehani ikapata kona yake, na kuku akaanza kutaga. Mayai ni ya Mama, anamgawia anayemtaka. Watu wanapiga hodi kwetu wakimuulizia bibi mwenye televisheni. Mimi mwenye nyumba nikitoka wananiuliza kama yupo, na nikisema yupo wananipita. Ofisa naye amekuja mara mbili kuangalia, kikazi, na mara zote mbili ameondoka na mayai kwenye mkoba.

Siku vifaranga walipoanza kutoboa, habari ilimtangulia hata kuku mwenyewe. Watoto wa mtaa walijaa kibarazani, nyuma yao mama zao, nyuma ya mama zao mzee mstaafu, ambaye ile feni alishaitengeneza na sasa alikuja kuona kama kwetu kuna joto. Mama muuza maandazi alifunga biashara. Ningesema walikuwa mia tano, lakini kibaraza chetu ni kidogo. Walikuwa wanasukumana, walioko mbele wamesimama wima wamekiziba kile kidirisha chote.

Mama aliinuka kwenye kigoda chake. Hakupaza sauti.

"Wa mbele kaeni chini," akasema. "Wa nyuma hawaoni."

Wakakaa. Nami, kwa kuwa nilikuwa mbele, nikakaa.